Akifika Kwenye Shati

Saluni ile ilikuwa na viti viwili, kioo kimoja chenye ufa kwenye kona, na hadithi moja. Hadithi ilikuwa ya msusi mwenyewe, na kila aliyekaa kitini aliipata, atake asitake.

Mtaa mzima ulikuwa umeikariri. Miaka sita iliyopita mumewe aliaga kwamba anakwenda safari ya kikazi ya siku tatu, akamwomba ampigie pasi shati jeupe. Msusi akapiga pasi mpaka kola ikasimama. Siku ya tano ikaingia picha kwenye simu: mume ameoa kwingine, anacheka meno yote nje, na shati ni lile lile. "Shati nililolipiga pasi kwa mikono yangu hii!" Hapo ndipo mikono hiyo ilipokaza. Msuko uliokuwa ukienda taratibu ulivutwa mpaka nyusi za mteja zikapanda na machozi yakamtoka, naye msusi, akidhani anahurumiwa, akazidi kuvuta.

Wateja walikuwa wameshaambizana: akifika kwenye shati, shika kiti. Baadaye wakaanza kutafuta viti vingine. Mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, alihamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, na kila akipita alijifanya anatafuta kitu mkobani. Msusi alimwona vizuri sana. Mteja aliyefuata aliongezewa kipande kipya, jinsi hata mwalimu alivyomsaliti. Ungetamani umshike mabega umtikise.

Si kwamba hakujaribu. Asubuhi akifungua mlango aliapa: leo simtaji yule mwanamume. Saa nne mteja akasema mvua inaelekea kunyesha. "Hata siku ile alipoondoka kulikuwa na mawingu," akasema msusi, na safari ikaanza. Alijichukia, na huku anajichukia alikuwa anaendelea kusema.

Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi. Ijumaa asubuhi msusi hakupokea mteja yeyote. Alipanga vitana, akafuta kiti, akasubiri kumsuka bibi harusi wake. Binti akaja, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, nimeshaongea na yule wa ng'ambo. Atanisuka saa tano."

"Yule? Kanichukulia mwalimu, sasa ananichukulia na mtoto?"

"Hajakuchukulia mtu."

"Basi niambie nimekukosea nini! Baba yako aliniacha, wateja wananiacha, na wewe..."

"Ndiyo hiyo, mama! Hiyo hiyo!"

Binti alivua kitambaa kichwani kwa hasira, akasogea kwenye kioo, akamgeuzia upande wa uso. Panjani, juu ya sikio, hapakuwa na nywele. Ilikuwa ngozi tupu, laini, upana wa vidole viwili. Upande wa pili vivyo hivyo.

"Nimekaa kwenye hicho kiti kila Jumapili tangu nina miaka kumi na sita. Hilo shati nimelisikia kuliko jina langu. Unaona hapa? Hapa ndipo ulipokuwa unafika kwenye shati."

Msusi alijua vichwa vya mtaa mzima, nani ana mba, nani ana kovu na alilipataje. Hiki alikishika kila Jumapili, na hakuwa amekiona. Alifungua mdomo, na maneno yaliyokuja, aibu iliyoje, yalikuwa ya kumlaumu baba mtu. Akayameza.

"Kaa," alisema. "Nikikuumiza mara moja tu, inuka uende zako."

Binti aliangalia saa, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

Msusi alianzia kisogoni. Aliuma kitana ili mdomo usipate nafasi. Haikusaidia. Mdomo ulinyamaza, lakini kichwani mwake shati lilikuwa linapigwa pasi, na mabega ya binti yakaanza kupanda. Akalegeza mkono. Shati likarudi. Akalegeza tena, akitamani kujizaba kofi. Mwisho alitoa kitana mdomoni, akauliza swali la kwanza lililomjia.

"Huyo mwenzako, yukoje?"

"Mama, umekutana naye mara nne!"

Ni kweli. Na mara zote nne yule kijana alikuwa ameketi kwa adabu akisimuliwa shati.

"Basi nisimulie wewe."

Binti alianza kwa kusitasita. Anaogopa paka. Akioga anaimba, na kuimba hajui. Akikasirika anafagia nyumba nzima, hata palipo safi. Mstari mmoja ukaisha, wa pili, wa tano. Mkoba ukatoka mapajani ukawekwa sakafuni. Walipofika panjani, msusi akizishika zile nywele chache zilizobaki kwa ncha za vidole, binti alikuwa amechangamka hata hachungi ulimi.

"Na mashati yake anapiga pasi mwenyewe."

Vidole vikasimama. Mabega ya binti yakapanda kabla hajavutwa, mikono yake ikashika kiti. Msusi aliyaona mabega yale kwenye kioo. Hadithi nzima ilikuwa imemjaa mdomoni, tangu safari ya siku tatu hadi picha.

"Na suruali je?" aliuliza.