Kapteni Tausi Alivyoigawa Kibosho

Ninyi wenzangu mliokulia migombani kabla simu hazijaingia mifukoni mtanielewa nikisema kwamba enzi zetu kitabu kimoja kilitosha kijiji kizima, na bado kikabaki cha kugombania. Sisi kwetu Kibosho tulikuwa nacho. Kiliitwa Moto Juu ya Zohali, na hata leo ukikutana na mtu wa rika langu njiani ukamtajia Kapteni Tausi, ataweka mzigo chini kwanza ndipo akujibu.

Kililetwa na Shangazi Honorata, mdogo wake baba, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawa anaishi na Bibi kwenye nyumba iliyopakana na yetu, kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, na mfereji mmoja. Siku hiyo alishuka Kiboriloni kuuza ndizi, akarudi na dagaa, sabuni ya mche na kitabu kinene kama tofali la kuchoma. Mama alipokiona akauliza kama amekinunua kwa kusoma au kwa kuzuia mlango. Jaladani palichorwa mwanamke amevaa kofia kubwa ya kioo, na nyuma yake sayari yenye pete inawaka moto. Tulikishika kwa zamu, tukikinusa. Mwanamke mweusi kama sisi, amesuka mistari, anaendesha chombo cha angani!

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto. Tukitoka shule tunavua sare, tunakula ndizi za kuchoma tukiwa tumesimama, kisha tunakwenda kwenye vichanja kuchambua kahawa pamoja na wakubwa. Mnaikumbuka harufu ile ya maganda yanayochacha? Na ukungu unaoshuka kutoka msituni kimyakimya mpaka humwoni aliye upande wa pili wa kichanja? Kazi ile ilikuwa inachosha kuliko kulima. Basi Shangazi akasema, "Mimi nasoma, nyie nichambulieni sehemu yangu." Tukakubali bila kujua tumejiingiza wapi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: dunia imekauka, mito yote imekufa, na Kapteni Tausi anaongoza chombo cha kuwahamishia watu Zohali. Nyuma yake kinafuata chombo cha pili, na ndani ya hicho cha pili yumo mama yake mzazi. Njiani wanakutana na maharamia wenye macho matatu, minyoo inayoongea, na mvua ya mawe makubwa kama nyumba. Kila sura iliishia pabaya, mtu ananing'inia, mlango unafunguka, taa zinazimika, na hapo Shangazi anafunga kitabu pap! "Kesho!" Tulikuwa tunapiga kelele mpaka kuku wanakimbia.

Habari zikaenea. Mama yake rafiki yangu Prisca alikuja kuomba moto, akakaa mpaka moto wetu wenyewe ukazimika. Wengine walikuja na nyungo zao za kahawa, wakidai kwetu kuna mwanga mzuri. Mwalimu Evarist, aliyekuwa anatufundisha Kiswahili, alipita na baiskeli akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Honorata, huyu mwandishi wako hana adabu na lugha," alisema. "Sentensi moja inaanza Jumatatu inaisha Ijumaa!"

"Shuka basi usubiri hiyo Ijumaa, Mwalimu," Shangazi akamjibu. Tulicheka hadi machozi. Cha ajabu, kuanzia siku hiyo baiskeli ya Mwalimu ikawa inaharibikia mbele ya nyumba yetu kila alasiri.

Kila mtu alikuwa na lake. Baba alilalamikia urefu. "Mtu ana kiu angani kurasa na kurasa! Si anywe, au afe, tujue moja?" Mama Prisca aliona ni dhambi kuwaweka watu mbinguni bila kufa, lakini hakukosa hata siku moja. Bibi ndiye aliyetushangaza. Sehemu zile ndefu za kueleza mitambo, mabomba, na namna hewa inavyozunguka ndani ya chombo, ambazo sisi tulitamani zirukwe, yeye alizipenda kupita kiasi. Alikuwa anafumba macho, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juani, anasema, "Rudia hapo kwenye bomba, mwanangu."

Sasa subirini mwisho. Wakikaribia kabisa Zohali, pete zinaonekana dirishani, chombo cha nyuma kinapasuka bomba la hewa. Amri ni kwamba Tausi aendelee, maana akigeuka mafuta hayatamfikisha tena. Tausi anageuza. Anamwokoa mama yake na wenzake wote, na kwa sababu mafuta yaliyobaki baada ya uokozi hayatoshi kutua Zohali, inabidi wote waelee kurudi duniani kulekule kwenye ukame. Basi! Kitabu kimekwisha!

Jamani, kelele za siku hiyo! Baba alirusha kofia chini. "Yaani safari yote hiyo kuturudisha palepale?" Mama Prisca alikuwa analia na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Prisca akasema Tausi ni mjinga, amewanyima watoto wa wenzake maisha mapya. Mimi nikamwambia mjinga ni yeye, na kama mama yake angekuwa nyuma angemwacha? Tukasusiana, sisi tuliokuwa tunakata majani ya ng'ombe pamoja kila asubuhi. Kijiji kikagawanyika. Dukani, kwenye mfereji, hata uani mwa kanisa baada ya misa, unasikia, "Wewe uko upande gani?" Kuna nyumba mume alikuwa wa Tausi na mke wa amri, na chakula kilipikwa kwa kununa.

Lakini kulikuwa na jambo jingine chini ya kelele zile. Shangazi alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, mbali huko kusini, na alikuwa amekataa kwenda. Miguu ya Bibi ilikuwa inazidi kumsumbua. Kuna asubuhi alishindwa hata kufika mferejini. Baba alikuwa amemsema sana dada yake.

"Nafasi ya chuo si pombe ya mbege, kwamba ikiisha itapikwa nyingine," nilimsikia akimwambia.

"Na Mama atachotewa maji na nani, kaka?"

"Sisi tupo."

"Mpo. Lakini mimi ndiye ninayelala naye."

Kwa hiyo Shangazi alipomtetea Tausi, sauti ilikuwa inamtetemeka, na Baba alipompinga alikuwa anapinga kwa hasira isiyolingana na kitabu. Watu wazima walielewa. Sisi tulidhani ni mapenzi ya hadithi tu.

Mwalimu Evarist alipoona hata darasani hatusikilizani, akatangaza mdahalo Jumamosi shuleni, wazazi wote wakaribishwe. Walikuja kama wanaokuja harusini! Akina mama na vitenge vya kutokea, wazee na fimbo zao, na vijana waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani. Bibi aliletwa kwenye kiti, Baba na jirani wamekibeba huku na huku, naye anapunga mkono kama askofu.

Prisca alifungua kwa upande wa amri, akasema vizuri sana, mpaka nikajisikia fahari kabla sijakumbuka kwamba tumenuniana. Nikasimama kumjibu. Baba akasimama, akakisema kitabu na akamsema Tausi. Shangazi akasimama, kitabu kifuani.

"Mtu anayemwacha mama yake nyuma," alisema, "atakwenda kujenga nini huko mbele?"

Makofi yakaezua paa. Mwalimu alikuwa anataka kupigisha kura ndipo Bibi akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mwalimu, naomba kusema."

Wote tulijua Bibi ni wa Tausi; nani asingejua?

"Shikamoo Bibi, karibu," Mwalimu akasema.

"Marahaba. Nimewasikia wote. Mmemsema Tausi, mmemsema aliyetoa amri. Hakuna hata mmoja aliyewauliza wale wa chombo cha nyuma." Akaielekeza fimbo kwenye miguu yake. "Mimi ni wa chombo cha nyuma. Mnaona nilivyobebwa. Sasa yule mama, kwenye kitabu kizima, hajapewa neno. Anaokolewa kama gunia. Ningekuwa mimi, na ile redio yao ya kuzungumza chombo kwa chombo iko mkononi, ningemwambia: mwanangu, usigeuze. Nimekuzaa ili ufike. Hewa ninayo ya kunitosha, na majirani ninao. Nenda."

Hakumtazama Shangazi. Alitazama mbele, kwenye ubao. Halafu akaongeza, "Na mwandishi aambiwe, bomba la hewa lilikuwa linatengenezeka. Alilieleza mwenyewe sura za mwanzo, akasahau."

Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Mimi nilimwona Shangazi akitoka nje. Nikamfuata, nikamkuta kwenye bomba la shule ananawa uso, maji yanamwagika mpaka viatuni.

"Shangazi, unalia?"

"Mama amenifukuza nyumbani, Resti. Mbele ya kijiji kizima! Na nyie mkampigia makofi." Kisha akaanza kucheka, huku bado analia, akanikumbatia kwa mikono yake iliyolowa.

Kura haikupigwa. Watu walitoka wakibishana mpaka njiapanda, na mimi na Prisca tukajikuta tumeshikana mikono tunabishana upya, safari hii kuhusu bomba.

Shangazi aliondoka kahawa ilipokwisha. Mimi nikahamia kwa Bibi, nikawa namchotea maji na kumsomea kurasa za mitambo, ambazo taratibu nikaanza kuzipenda. Krismasi ya kwanza Shangazi alirudi na viatu vyeupe, amenenepa mashavu, anaongea haraka kama watu wa huko. Kabla hajatua begi, Baba akamwuliza, "Haya, nesi, bado ni wa Tausi?" Akajibu kwamba yeye ni wa Tausi mpaka kaburini. Ugomvi ukaanza upya pale mlangoni, na Bibi ndani anapaza sauti kwamba hasikii, wasogee karibu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na siku zake za mwisho mikono iliyomgeuza kitandani ilikuwa ya binti yake, iliyofundishwa kazi hiyo.

Leo naishi Moshi mjini na mwanangu, kijana mrefu, miwani usoni, vidude masikioni. Naye anapenda hadithi za angani, tena anazo nyingi kuliko maktaba, zote ndani ya simu. Juzi alimaliza moja ndefu kweli. Nikasogeza kiti.

"Ikoje?"

"Imebuma, Mama."

"Imebuma kwa nini? Nani alikosea?"

"Imebuma tu. Nimeshaweka nyota mbili."

Akanionyesha. Chini ya nyota zake kulikuwa na maoni ya watu wengi, wengine wakisifu, wengine wakitukana, na hakuna anayemjua mwenzake. Sikatai, ubishi upo, tena mkali kuliko wetu. Lakini nilipomwuliza yule aliyemjibu vibaya ni mtoto wa nani, alinitazama kama nimetoka Zohali.

Nikarudi jikoni kugeuza ndizi. Jirani alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta. Nilisikia maji yakimwagika na redio yake ikiimba. Tumeishi hivyo muda mrefu, salamu na kwaheri. Nikatamani sana aje kuomba moto.