Gitaa lililokatika kila mzee alipoketi

Jumatano asubuhi, Dongobesh. Philomena Herman amelala kifudifudi chini ya meza ya studio yake, simu yenye tochi ameing'ata mdomoni, anafuata waya mmoja kwa kidole kama anayesaka mchwa ukutani. Juu ya meza kompyuta inamsubiri. Kwenye kiti cha plastiki, wifi yake Eva amepakata gitaa ambalo hajui kulipiga.

Eva leo ni mzee. Amevaa koti zito la mumewe na kofia ya pama, na ameagizwa asicheke. Anacheka.

"Toka nje uingie tena," Philomena anamwambia kutoka huko chini baada ya kuitoa simu mdomoni. "Ingia kama babu anavyoingia. Taratibu."

Mtu akipita dirishani atadhani hawa wawili wana sherehe yao ya siri. Lakini hii ni kazi, tena kazi yenye wasiwasi. Philomena, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hurekodi muziki katika chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Kuta zake amezifunika kwa blanketi kuukuu na trei za mayai ili sauti isirudi. Kwaya za huku zinamjua, maharusi wanamjua, na siku hizi wanamtania kwa jina ambalo halipendi hata kidogo: Mama Kata-kata.

Jina hilo limetokana na gitaa la Mzee Yoakimu Qamara.

Ukiwa mwenyeji wa milima hii huhitaji kuelezwa Mzee Qamara ni nani. Harusi, ubarikio, kipaimara, mavuno, yeye ndiye mpiga gitaa. Watu wamecheza, wameoana, wamezaa, na watoto wao wamekuja kucheza kwa vidole vile vile. Jumamosi hii ni zamu yake mwenyewe. Yeye na mkewe, Bibi Kornelia, wanaadhimisha jubilei ya miaka hamsini ya ndoa.

Wiki mbili kabla, mzee alifika studio na ombi ambalo hakumwambia mtu mwingine yeyote. Philomena analisimulia huku akijifuta vumbi magotini.

"Aliniambia, 'Mwanangu, nimewachezesha watu wote isipokuwa mke wangu. Kila akisimama kucheza, mimi nimekaa napiga. Siku hiyo nataka gitaa lilie lenyewe, mimi nisimame.'"

Ombi dogo tu. Mzee apige wimbo wake studio, urekodiwe, Jumamosi uwekwe kwenye spika, naye acheze na mke wake. Kwa mara ya kwanza.

Tatizo likawa kompyuta. Gitaa linapita kwenye kisanduku kidogo chekundu, kile ambacho maprodyuza wanakiita saundikadi, na kisanduku kinaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Mzee alipopiga, sauti ilikwenda vizuri kidogo, halafu ikakatika. Kipande kidogo tu kilipotea, kikafuatiwa na mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Kwa anayesikiliza akiwa ameketi ni kero. Kwa mzee wa miaka sabini na kitu anayejaribu kucheza na mke wake mbele ya parokia nzima, ni kujikwaa.

Siku ya kwanza wimbo ulikatika. Aliporudi mara ya pili ukakatika tena, na vidole vyake vikaanza kuuma. Mzee hakukasirika. Alisema kwa utani kwamba hata mashine inamwamkia, ndiyo maana inanyamaza kidogo kila akianza. Lakini alipokuwa anafunga gitaa lake kwenye kitenge alisema atakuja Alhamisi, na ikishindikana basi, atapiga mwenyewe Jumamosi kama alivyozoea.

"Alivyosema 'kama nilivyozoea' nilitaka kulia," anasema Philomena.

Hakulia, alianza kutafuta. Alibadilisha waya. Akaongeza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea ili isipungukiwe ikielemewa. Akazima waifai, akaiondoa kompyuta kwenye hali ya kubana umeme, akafuta draiva, ile programu inayokitambulisha kisanduku kwa kompyuta, na kuiweka upya. Kila baada ya hatua alichukua gitaa la studio, akapiga mwenyewe mpaka vidole vikawa vyekundu. Halikukatika hata mara moja.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Akipiga yeye, sauti ni safi. Akiketi mzee, inakatika. Jirani mmoja alimshauri aite mtu wa maombi.

Philomena si mtu wa kukata tamaa kwa mambo ya mashine, na ukimsikiliza utajua alikoitoa tabia hiyo. Baba yake, Herman, mkulima wa vitunguu saumu, aliwahi kuuza mzigo Arusha miaka ile biashara ilipofunguliwa na redio zikaanza kumwagika minadani. Alikuwa ametumwa mabati. Akarudi na redio kaseti.

"Mama hakuongea naye karibu wiki nzima," Philomena anakumbuka, na anacheka mpaka anashika meza. "Mimi nilipenda kile kitufe chekundu cha kurekodi. Nilirekodi mbuzi, nikarekodi mvua ikinyesha kwenye paa la nyasi. Lingekuwa bati nisingepata sauti nzuri vile."

Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Haydom, akafanya kazi kwenye steshenari iliyokuwa ikiwatolea nakala wagonjwa wa hospitali ya huko wanaoshuka kwenye mabasi. Huko ndiko alikoizoea kompyuta. Kurekodi alijifundisha kwa video za simu, na kisanduku chekundu alikinunua kwa vitunguu saumu vya shamba alilopewa na baba yake. Leo wimbo mmoja anatoza shilingi elfu arobaini. Miezi ya harusi hula vizuri. Msimu wa kulima ukifika wateja hupotea, naye hushika jembe kama kila mtu.

Sasa turudi kwa Eva na koti lake.

Wazo la maigizo lilikuwa la Philomena. Kama mashine ni ile ile na gitaa likipigwa naye halikatiki, alifikiri, basi kuna kitu yeye mwenyewe anakifanya mzee akiwepo ambacho hakifanyi akiwa peke yake. Aliamua kurudia kila kitu tangu mlangoni.

Eva anaingia kwa mara ya tatu, amekunja mgongo. Philomena anainuka kutoka kwenye kiti chake, anainamisha kichwa, anampokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu," Eva anajibu kwa sauti nzito, akibana midomo asicheke.

Philomena anauliza habari za nyumbani. Anauliza habari za bibi, za ng'ombe, za mvua. Na wakati mdomo unauliza, mkono wake wa kulia unanyooka wenyewe, kiganja juu, unasubiri. Eva anautazama ule mkono. Hajui aweke nini.

"Unataka nini?"

"Simu," anasema Philomena.

Anautazama mkono wake mwenyewe kama vile ni wa mtu mwingine.

Msomaji wa mjini huenda asielewe mara moja, kwa hiyo tueleze. Umeme umefika Dongobesh, lakini kwa wazee wengi wanaotoka mbali haujafika. Anayeshuka kuja hapa huja na simu iliyozima. Mwenyeji mwenye adabu hangoji aombwe. Anapokea simu ya mzee pale pale kwenye salamu, anaichomeka, ndipo anavuta kiti. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dongobesh mgeni njoo, simu yako ipone.

Na Philomena alikuwa akizichomeka wapi? Kwenye kigawanyio cha USB chenye matundu manne kilicho karibu na mlango, ambacho kinachota umeme kutoka tundu moja la kompyuta. Kwenye tundu la nne la kigawanyio hicho hicho ndiko alikochomeka kisanduku chekundu. Mzee Qamara hakuja peke yake hata siku moja. Alikuja na shemeji yake Nikolausi, na kila mmoja ana simu, na Nikolausi anazo mbili. Simu tatu zenye njaa zilikuwa zikila pamoja na kisanduku kwenye sahani moja. Kisanduku kikikosa tonge kidogo tu, sauti inapotea. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nilikagua nyaya zangu zote," anasema Philomena. "Za simu sikuzikagua kwa sababu ile kwangu si kazi. Ile ni salamu."

Wakaijaribu hapo hapo. Eva akaleta simu yake, wakaazima mbili dukani, wakazichomeka zote. Philomena akapiga gitaa, na likakatika kabla hajafika kwenye kiitikio. Wakazichomoa, wakakipa kisanduku tundu lake pekee kwenye kompyuta. Likatiririka. Nililoliona baada ya hapo, mimi mwandishi niliyekuwa mlangoni, ni wanawake wawili wazima wakirukaruka katikati ya trei za mayai, mmoja akiwa na kofia ya pama.

Furaha ilipotulia, pakabaki jambo gumu kuliko waya. Nani atamwambia mzee kwamba simu yake haipokelewi? Philomena alilifikiria hilo jioni yote. Kumkatalia mzee chaji huku ni kama kumnyima maji ya kunywa. Na kumpelekea simu duka la jirani hakufai pia, kwa sababu wazee huweka fedha zao ndani ya simu na hawapendi iwe mahali wasipoiona.

Alhamisi, Mzee Qamara alipofika na Nikolausi wake, walikuta meza ndogo kibarazani, chini ya dirisha la studio. Imetandikwa kitambaa cha kufuma, na waya wa umeme umetolewa moja kwa moja kutoka ukutani. Philomena alisalimia, akapokea simu zote tatu kwa mikono miwili, akazichomeka pale, kisha akawaonyesha viti ambavyo mtu akikaa anaziona kupitia kioo. Ndipo akaeleza ukweli wote, macho chini, akiogopa kidogo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akamgeukia shemeji yake akamuuliza simu mbili zote ni za nini.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nakula wimbo wangu mwenyewe," alisema.

Akapiga. Alipiga wimbo wote mara moja, amefumba macho, na ile mistari ya rangi kwenye kompyuta ikaenda bila pengo hata moja. Alipomaliza, Philomena aliusikiliza tena wote huku mzee amesimama nyuma yake. Nikolausi alitoka nje kwenda kuangalia simu zake, au ndivyo alivyosema, maana alirudi macho mekundu.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Bibi Kornelia alikuwa amevaa kitenge kipya na taji la maua ambalo wajukuu walilifunga likaegemea upande. Chakula kilipokwisha, mshereheshaji akatangaza muziki, na gitaa likaanza.

Bibi Kornelia aligeuza uso kwenye pembe ambako mumewe hukaa siku zote. Pembe ilikuwa tupu. Alipogeuka tena, mumewe alikuwa amesimama mbele yake, hana kitu mkononi, amemnyooshea huo mkono.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui kuviandika. Philomena alikuwa kando ya spika, mikono ameikutanisha kifuani, midomo ikifuata kila mpigo. Aliniambia baadaye kwamba hakupumua mpaka noti ya mwisho. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho wake. Kisha Bibi Kornelia, ambaye hajulikani kwa kupaza sauti, akasema neno moja lililosikika ukumbi mzima: "Rudieni." Ukarudiwa. Ukarudiwa tena.

Nilipomfikia bibi kumpongeza nilimuuliza mumewe anajua kucheza kiasi gani. Alinyoosha mguu akanionyesha kiatu chake.

"Hajui kabisa," alisema. "Amenikanyaga hapa, na hapa. Nimemngoja miaka hamsini anikanyage."

Jumatatu nilimkuta Philomena studio, ile meza ya simu ikiwa bado kibarazani na wazee wawili wakizilinda za kwao. Jina la Mama Kata-kata limekufa. Sasa anawaza jambo jingine. Anataka betri kubwa ya sola na begi imara, ili aweze kuhamisha studio yake, ashuke Yaeda Chini, apande vijiji vya Hanang, akawatafute wapigaji mahali walipo.

"Kila kijiji kina mtu mmoja ambaye hajawahi kucheza kwa sababu yeye ndiye anayepiga," anasema. "Nawataka hao wote."

Wa kwanza amekwisha kumpigia simu. Ni Patriki, mpiga kinanda wa kwaya moja ya Haydom, ambaye anaoa Desemba, na ambaye kamati ya harusi ilikuwa imempangia kupiga kinanda kwenye harusi yake mwenyewe. Atakuja kurekodi wiki ijayo. Kabla ya kukata simu alimuuliza Philomena, kwa aibu kidogo, kama studio yake inafundisha pia kucheza.

"Nilimwambia hilo akamuulize Mzee Qamara," anasema Philomena, na anaanza kucheka kabla hajamaliza. "Ila bibi harusi avae viatu vigumu."