U Yenye Mkia Kushoto

Karakana yangu ya mabango iko Yoba, hapa Gitega, na kwa aina za herufi nyembamba sikuwa nikitaka mtu anifundishe. Zinafanana kama mapacha, lakini mimi huzitambua kwa tumbo la a na mkia wa u, ambao huwa kulia, au haupo kabisa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijidai, mpaka mjane mmoja wa Muyinga aliponinyoosha.

Marehemu mume wake, fundi cherehani, ndiye aliyeandika "ushonaji wa nguo" kwenye ukuta wa duka lao. Sasa mvua ilikuwa inayafuta maneno, na wateja wameanza kuulizana kama duka limeuzwa. Akanitumia picha kwa simu, akataka bango lenye herufi zile zile. Picha ilikuwa na ukungu. Nikachagua zilizoelekea kufanana, nikachapa, nikalipeleka mwenyewe Muyinga nikiwa na furaha zangu.

Alilitazama, akatikisa kichwa.

"Oya, fundi. Iyi si ya bwana yangu."

"Mama, iko sawa kabisa!"

"We unaona iko sawa. Mi nilikaa chini yake miaka yote."

Nilikasirika. Hajui hata kusoma, nikajisemea, na wazo hilo linanitia haya mpaka leo. Nikamwambia anionyeshe kosa liko wapi. Akaweka kidole ukutani, kwenye u. Mkia wake ulikuwa kushoto.

Akaingia ndani, akarudi na kipande cha katoni kilichokatwa umbo la n. Mumewe alikizungushia kalamu kupata n, kisha akakipindua nyuma mbele, kichwa chini, kupata u, kama fundi anavyopindua karatasi ya kukatia shati: upande huu mkono wa kulia, upande ule wa kushoto. Katika herufi zote nizijuazo, u ya namna hiyo haipo. Aliyekuwa nayo ni marehemu peke yake.

Nilirudi Gitega nikiwa nimeipiga picha ile katoni. Kwenye kompyuta nikatafuta n inayolingana na ile katoni, nikaipindua.

Juma lililofuata mama alilitandaza bango jipya mezani. Akakipindua kile kipande, akakiweka juu ya u. Kikaenea sawasawa. Machozi yakamtoka, na mimi pia sikujizuia.

"Ni ye," alisema. "Tundika, fundi. Watu waache kuuliza."