Wimbo wa Kunyweshea Ngamia na Suti Yangu ya Harusi

Siku hizi nikipita soko la mifugo la Garissa najifanya naongea na simu, maana wapo madalali ambao wakiniona tu huanza kuimba, na mmoja wao hunyoosha mkono kama anayepokea ndoo. Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wao kila wakisimulia huongeza ngamia.

Mimi ni katibu wa chama chetu kidogo cha historia, watu wachache wenye miwani tunaorekodi wazee wakisimulia na kuimba, kisha tunaalika watu waje kusikiliza. Fahari yetu ilikuwa wimbo wa baba mkwe wangu, Adeer Gedi wa Eldas (adeer ndivyo tunavyomwita mzee wa rika la baba), ule wanaouimba wanaume kisimani wakiteka maji ili ngamia waje kunywa. Huyu mzee alinipa binti yake shingo upande, kwa kuwa nilikuwa na digrii mbili na sijawahi kunywesha ngamia hata mmoja. Alikataa kurekodiwa kwa miaka mingi, na alipokubali aliimba mmoja tu, kwa sharti.

"Usiupige penye ngamia bila maji, ni kuwadanganya. Ukiutunza huu, nitakupa na nyingine."

Nikaitikia kwa heshima zote, huku moyoni nikiona hayo ni maneno matamu ya kufungulia mhadhara.

Siku ya mhadhara ukumbi ulikuwa na viti vingi na watu haba, na Adeer mwenyewe mstari wa mbele, fimbo magotini. Mada yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa kwamba nyimbo hizi hazina tena kazi katika maisha ya leo. Vile viti vitupu vilinitia aibu, nikafikiri, kwa nini nisigeuze vipaza sauti vielekee nje, wimbo uvute watu kutoka sokoni, ng'ambo ya barabara tu? Nikavigeuza, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikawasha.

Wimbo ukavuta kweli, ila si watu.

Kumbe kulikuwa na ngamia wa Eldas ndio kwanza wameshushwa kwenye lori, wana kiu ya safari nzima. Dalali wao akatokea mlangoni akitweta: "Wewe bwana, zima hiyo kitu! Ngamia yangu inafikiri kisima iko hapa!"

Nikiwa bado natafuta kitufe (jasho, miwani, mambo mengi), shingo ndefu ikapita juu ya bega lake, ngamia akaingia, akainamisha kichwa kwenye jagi la mgeni rasmi (ambaye pia ni mimi) akalimaliza. Wenzake walizunguka ukumbi wakilia. Hata nilipozima hawakuondoka, walivikodolea macho vipaza sauti kama watu wanaodai haki yao.

"Waondoe," nikamwambia dalali.

"Walahi siondoi! Nani ameita?"

Nikamgeukia baba mkwe. Hakupandisha sauti. "Umewaahidi maji," akasema mbele ya kila mtu. "Wape."

Basi nikawapa, kwa maji ya tangi la ukumbi, mabeseni ya mama wa chai, na mimi ndani ya suti yangu ya harusi, nikibeba ndoo polepole kama mtu anayemwagilia maua, mpaka Adeer akasimama akaanza kuuimba wimbo wenyewe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila mstari una ndoo yake, maana nikichelewa aliurudia mstari huku akinitazama. Soko zima likahamia kwetu. Viti, kwa mara ya kwanza tangu chama kianze, havikutosha.

"Daktari, kaza mwendo! Huyu mwekundu bado!" madalali wakanitania.

Waliposhiba, Adeer akaimba mistari ambayo sikuwahi kuisikia, ya kuwaaga ngamia waliokunywa, kisha akaitazama suti yangu iliyoloa mpaka kolani.

"Hii ya mwisho umeirekodi?"

Kinasa sauti kilikuwa mezani, kimezimwa, kimelambwa. "Hapana, Adeer."

Akaichukua fimbo yake, nami nikajua zile nyimbo nyingine ndizo zimenipita hivyo.

"Basi njoo Eldas, kisimani. Na uvae nguo za kazi."

Nimeapa sitawasha tena wimbo wa mtu kabla sijaona kwa macho yangu kwamba tangi limejaa, na ile mada ya nyimbo zisizo na kazi nimeifuta. Suti mke wangu ameigeuza matambara ya jikoni. Siku hizi maji yakiisha nyumbani haniiti, anaimba tu ule mstari wa kwanza, nami najikuta nimeshika ndoo.