Punda wa Mama na Daraja Lisilovukwa

Niliwahi kuwa mbunge kwa muhula mmoja, na katika muhula huo nilijenga daraja ambalo hakuna mtu aliyekubali kulivuka. Lilikuwa zuri. Nasema hivyo bila haya, maana nililisimamia kuliko nilivyosimamia nyumba yangu. Zege safi, vyuma vya pembeni vya bluu, jiwe la ufunguzi lenye jina langu na nafasi wazi ya tarehe, na utepe mwekundu kila upande. Chini yake, kila asubuhi, watoto wa shule walipita majini na viatu mkononi, wakilitazama kwa juu utadhani ni mali ya watu wengine.

Ngoja nieleze. Kijiji chetu, ukitoka Sori kando ya ziwa na kuingia ndani kidogo, kimegawanywa na mto. Ng'ambo wanakaa wazao wa kaka mkubwa, huku kwetu wazao wa mdogo. Hao kaka wawili walikufa hata babu yangu hajazaliwa, lakini vyeo vyao havijafa. Kwetu mkubwa hutangulia. Mwana mkubwa hujenga kwanza, mke mkubwa hupanda kwanza, na mdogo hungoja hata kama mvua inamnyeshea mgongoni. Ukimruka mkubwa unaleta chira, laana inayokondesha mtu mpaka nguo zimkatae. Kwa hiyo upande wa mkubwa ndio ulipaswa kuvuka kwanza, siku ya ufunguzi, watu wote wakishuhudia. Mafundi walitoka mbali, kwa hiyo hawakuhesabika. Mimi mwenyewe nilikagua kazi nikiwa nimesimama upande wetu, shingo nimeinyoosha.

Haraka yangu ilikuwa mama. Zahanati iko ng'ambo, na dawa zake za presha alizifuata kwa kupita majini na fimbo na goti bovu. Masika ikianza, mto ule haupitiki. Mwaka uliotangulia alikosa dawa akaanguka jikoni. Nilimwahidi kwamba kabla ya mvua nitamshika mkono mimi mwenyewe tuvuke kwa juu.

Ilibaki kupata siku tu. Hapo ndipo nilipoijua kazi ya mbunge. Jumatatu ni kamati ya mfuko wa maendeleo, na watu wamejaa mlangoni tangu alfajiri. Jumanne hadi Alhamisi niko Bungeni, Nairobi. Ijumaa ni mazishi, na mbunge asiyeonekana mazishini ajue yeye ndiye atakayezikwa kwenye kura. Ijumaa moja nilihutubia Asumbi nikakimbilia Mbita, na huko Mbita nikamsifu marehemu wa Asumbi kwa uchungu mwingi. Walinipigia makofi. Jumamosi haiwezekani, upande wa mkubwa wote ni Wasabato. Jumapili haiwezekani, sisi ni Wakatoliki, na misa ya padri wetu haina haraka. Bunge lilipokwenda mapumziko nilifurahi, kumbe kamati yangu inapelekwa Mombasa kujadili barabara za vijijini kwenye hoteli ya ufukweni. Nilijadili kwa hasira.

Ndipo Jumapili moja chifu akanipigia simu.

"Mheshimiwa, kuna shida. Kuna kitu imevuka."

"Kitu gani?"

"Punda ya mamako."

Punda wa mama kazi yake ni kubeba mitungi ya maji. Siku hiyo alikata kamba, akala utepe wa upande wetu, akavuka daraja bila wasiwasi wowote na kuingia kwenye mahindi ya mzee wa ukoo wa ng'ambo, yule aliyepaswa kuwa mtu wa kwanza kulikanyaga.

Jumatatu niliiacha kamati ikiningoja, nikaenda kwenye baraza. Lilifanyika darajani, kila upande ukisimama mwisho wake. Chifu, ambaye ni wa ukoo mwingine kabisa, ndiye pekee aliyeweza kutembea katikati akibeba maneno. Punda alikuwa amefungwa ng'ambo kama mshtakiwa.

"Mdogo amevuka kwanza," mzee akasema. "Ametumia punda."

"Punda si mtu," nikajibu.

"Si mtu, sawa. Lakini ni wa nani?"

Nimesomea sheria, nimepinga miswada minene Bungeni nikaiangusha, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kama punda ana ukoo.

Mama akainuka kwa taabu, akaegemea fimbo. "Jaduong'," akamwita, ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, "huyo punda nilinunua kwa Wakuria, huko mpakani. Hajazaliwa hapa. Hata Kijaluo hasikii."

Mzee akamfungua punda, akamwamuru kwa Kijaluo aende. Punda hakusogea. Akamwamuru tena, kwa ukali. Punda akatingisha sikio moja. Mama akapaza sauti kutoka huku, kwa Kiswahili, jinsi tunavyomsemesha mgeni yeyote: "Twende!" Punda akaondoka, akarudi kwetu kwa juu ya daraja, polepole, mbele ya baraza zima.

Watu walicheka mpaka chifu akavua kofia. Mzee hakucheka. Alifikiri, kisha akatoa uamuzi. "Hii ni mgeni. Mgeni hahesabiki. Daraja bado."

Tulishangilia. Nikaona nafasi yangu, nikapendekeza tufungue hapo hapo.

"Watu wakule nini?" mzee akauliza. "Bila chakula hiyo ni kuvuka tu, si kufungua."

Pande zote mbili zikaafiki. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakikubaliana, na ilikuwa dhidi yangu. Tukapanga Jumatatu iliyofuata, na mahema na ng'ombe. Nilitazama mawingu ziwani nikahesabu siku.

Mvua haikungoja Jumatatu. Alhamisi nilikuwa nimesimama Bungeni, nikiuliza kwa sauti kubwa kwa nini madaraja ya huko kwetu yanacheleweshwa, simu ikatetema mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa chifu, na niliusoma nikiwa nimesimama vile vile. Mamako amevuka, piga simu.

Nikakatiza swali langu, nikatoka nje, nikapiga. Mto ulikuwa umejaa tangu asubuhi, chifu akasema. Mama alikuja na kichupa chake kitupu cha dawa, akasimama mwisho wa daraja, upande wetu, mvua ikimnyeshea. Hakukanyaga. Mzee alimwona kutoka kwake. Akaja na mwavuli, akasimama mwisho wa upande wake, wakatazamana. Kisha mzee akavuka lote, na gambuti zake, bila hema wala ng'ombe, akamfikia.

"Akamwambia, shemeji, mimi nimeshavuka," chifu akasema. "Sasa njoo. Akamshika mkono wakaenda."

Nilifurahi sana. Nikaona wivu pia, wivu mchungu wa mtoto. Mkono ule ulikuwa wangu.

Ijumaa niliyaacha mazishi yote nikaenda nyumbani. Daraja lilikuwa na shughuli nyingi, bodaboda, akina mama na mabeseni ya dagaa wa omena, watoto waliovaa viatu. Mimi ni wa upande wa mdogo, na kwa mama ni kitinda mimba, kwa hiyo nilisimama kando nikawaachia wote wapite. Punda naye akapita, na mitungi yake. Nikafuata nyuma yake.

Mama nilimkuta kwa mzee, amekaa barazani na mke wa mzee wakichambua maharagwe. Alinitazama viatu.

"Wuoda," akasema, mwanangu, "umepita wapi?"

"Juu ya daraja, mama."

"Nani amekushika mkono?"

Nikamwambia hakuna. Akasogeza beseni nipate pa kukaa, akasema tukirudi atanishika yeye.