Zizi la Kumi na Mmoja

Uwitonze alipata shahada ya mifugo mwaka 2011. Kwa miaka miwili barua zake za kuomba kazi zilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale zikiwa safi, zikafia mjini Mbarara. Ofisi moja ilisema hana uzoefu. Nyingine ilisema utafiti si kazi ya mkimbizi. Ya tatu haikufungua hata bahasha.

Ya nne ilimjibu. Chuo kilitaka mtafiti msaidizi wa ndigana, homa ya kupe iuayo ndama. Waliobaki kwenye mchujo ni wawili, yeye na Arinaitwe, mwenyeji wa Biharwe. Walipewa wiki moja kuzunguka mazizi ya Nakivale na kujaza fomu. Mwenye kazi bora angeajiriwa.

Safu ya kwanza ya fomu: idadi ya ng'ombe. Mzee Sebagabo, aliyekimbia Kivu Kusini pamoja na wazazi wa Uwitonze, alimkazia macho.

"Unataka bangombe bangu bakufe? Yule kijana aliuliza, nikamwambia thelathini aende zake. Ye hajue. Lakini weye, mutoto wa mufugaji!"

Uwitonze aliona haya. Kwao ng'ombe hahesabiwi mbele ya watu, huitwa kwa rangi yake. Basi akakaa langoni hadi kundi liliporudi, akaandika daftarini kila aliyeingia: bihogo, yule mwekundu wa kuiva, mwenye kovu, gaju, yule wa kahawia, aliyezaa mara mbili, kupe wa kila mmoja, ndama waliozikwa. Safu ya idadi akaiacha tupu. Mkono ulikataa.

Siku ya usaili Dakta Kamugasha, msimamizi wa utafiti, alikiweka kando Kiingereza cha chuo, akashika Kiswahili cha kambi ya jeshi, kile cha kuwaamrisha watu wakae chini.

"Nyabo, wewe mama, mimi naomba namba, wewe naleta rangi? Hapa iko chuo ama arusi?"

Arinaitwe, aliyeketi kando, akacheka.

"Dakta, kwetu ng'ombe hahesabiwake," alisema Uwitonze. "Lakini bote bako humo. Soma mustari kwa mustari."

"Mwenzako naandika Sebagabo thelathini."

"Alidanganywa. Bako kumi na moja."

Neno lilikwisha kumtoka. Akahisi kama ametupa jiwe gizani, ndani ya zizi la mzee.

Kamugasha alifungua daftari. Kidole chake kilisimama penye bihogo, na midomo ikalitamka jina bila sauti, kama mtu aliyelelewa nalo. Kisha uso ukajifunga.

"Hii iko kweli," alisema. "Lakini wafadhili nasoma fomu, hapana nyimbo za machunga. Kazi napata Arinaitwe. Wewe tapeleka yeye kwa wazee yako. Daftari acha hapa."

Uwitonze alilivuta daftari kutoka chini ya mkono wake.

"Hapana, Dakta."

"Wewe! Nani tapatia wewe kazi Mbarara hii?"

"Sijue. Lakini bale bangombe, ni mimi nilionyeshwa."

Alipotoka, hakuna aliyemfungulia mlango.

Kesho yake alikwenda kwa Sebagabo, akamweleza yote: kwamba kazi imekwenda kwa mwingine, na kwamba idadi imemtoka kinywani, mbele ya wageni. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, ambayo kwao mgeni hupewa kwanza, akanywa peke yake, amempa mgongo.