Githeri ya Dakika Nane

Kitendawili.

Tega, basi.

Nyusi zake ni za kuchora, mikono haina hata unywele, na kila Jumamosi nchi nzima inampigia makofi.

Msijisumbue kunipa mji. Ni Kingori wa Pika Ukithubutu. Na mtu huyo alikaribia kunilipulia jiko na mke wa mwanangu ndani yake.

Kwa wasiokijua, hicho ni kipindi cha mapishi cha televisheni. Kina miaka kumi na tisa, kimedumu kuliko meno yangu. Nimemwona Kingori akichemsha mayai ndani ya rejeta ya lori likipanda mlima. Nimemwona akichoma mbavu za mbuzi kwa mashine ya kuchomelea ya fundi wa mageti. Mwisho anaonja, anafumba macho, anaguna, "Tamu balaa!"

Mpuuzi wa kulipwa mshahara.

Namtazama kwa sababu rimoti inashikwa na Naliaka, mke wa mwanangu, ambaye tunaishi naye hapa Kiganjo. Naliaka ni mpishi hasa. Lakini Kingori alikuwa amemwingia kichwani. Alituma ujumbe, akachaguliwa: kipindi kije kwetu, apike yeye, hewani moja kwa moja.

Apike nini? Githeri ya dakika nane.

Mahindi makavu na maharagwe, vitu vya kukaa motoni nusu siku. Unavitia kwenye presha kuka, unaziba tundu la mvuke kwa donge la unga, unafunga kifuniko kwa waya wa ua. Halafu unainama juu yake, sikio karibu, usikie ikiimba.

"Uiname na huo uso?" nikamuuliza.

"Mama, wacha woga. Kingori amekula hii kitu mara mingi."

"Na nyusi zake ziko wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Uso ule nimekula nao meza moja miaka tisa. Sikuwa tayari kuupoteza kwa ajili ya maharagwe.

Jumamosi asubuhi wakaja, Kingori na Steve wa kamera. Presha kuka ilikuwa mezani, imefungwa waya kama mwizi. Lakini kwangu mgeni hagusi kazi kabla ya chai, hata awe nani. Naliaka akakimbia kuipika.

Sasa niwaambie jambo. Nina wajukuu wenye vidole virefu. Kwa hivyo sukari naificha kwenye mkebe ulioandikwa CHUMVI, na chumvi naiweka kwenye mkebe wa SUKARI. Naliaka anajua vizuri sana. Ila siku hiyo akili yake ilikuwa imeshaingia kwenye televisheni.

Nikapiga funda moja. Nikatema dirishani.

Steve akakohoa mpaka machozi. "Shosho, hii ni ya watu ama ni ya ng'ombe?"

Kingori je?

Kingori alimaliza kikombe. Akafumba macho. "Tamu balaa! Madam, ongeza."



Naliaka akaonja chake, uso ukamkunjamana. Akamtazama yule mtu.

"Sukari imetosha?"

"Imekolea kabisa."

"Nimeweka chumvi. Vijiko tano."

Kingori akamgeukia Steve. Steve ghafla akawa na kazi nyingi sana na nyaya zake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa pili, shosho. Ile supu ya mafuta moto." Akatoa ulimi. Ulikuwa laini, unang'aa kama soli iliyoisha.

Miaka kumi na saba! Nchi nzima inachoma mapazia ikimfuata mtu asiyejua chumvi na sukari.

Naliaka alichukua koleo, akakata waya. Akamimina mahindi na maharagwe kwenye sufuria yangu nyeusi, akaiweka motoni.

"Itaiva saa nane," akasema.

"Tunaingia hewani dakika kumi zijazo!" akalia Kingori.

"Ingieni."

Wakaingia. Kwa saa nzima nchi ilitazama sufuria ikichemka polepole. Steve alisinzia akiwa amesimama.

Kipindi kikaisha, Steve akafunga mizigo, lakini Kingori akabaki. Saa nane akapewa sahani. Akatafuna. Akafumba macho. "Tam..."

Nikainua mwiko.

Akafumbua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Inakaa aje?"

Naliaka akamweleza. Mahindi yamelainika lakini hayajapasuka. Kitunguu kimeanza kuwa tamu. Chumvi imepungua kidogo. Jamaa akasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani.

Nusura nimhurumie.

Jumamosi iliyofuata nikamwona akikaanga maini juu ya bomba la moshi la trekta. Akaonja. Akafumba macho. "Tamu balaa!"

Huruma ikaniisha hapo hapo. Naliaka ndiye aliyezima televisheni, bila kuambiwa.

Kwa hivyo wajukuu zangu mnaonisikiliza kwenye simu, kabla hamjainamisha uso juu ya sufuria kwa sababu mtu fulani amesema ni tamu, mpeni kwanza kikombe cha chai.

Mikebe yangu sijaibadilisha.